Mvumo Uliomchosha Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akaimba. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukupoa hata akiwa na tonge. Siku hiyo hakuimba bure. Mwalimu wa muziki alitaka wimbo uliorekodiwa nyumbani, na mwisho wa kuupokea ulikuwa kesho yake asubuhi. Wimbo bora ungepigwa siku ya wazazi.

Mjomba wake, mpiga gitaa, alimwazima kinasa sauti chake kidogo, kile kinachopanga sauti moja juu ya nyingine hadi zifike nne. Alimweleza kwa kirefu namna ya kukitumia. Chiriku aliitikia "Ndiyo, mjomba" mara tisa, macho yakiwa kwenye vitufe.

Akaimba sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akapiga makofi. Aliposikiliza, akanuna. Nyuma ya wimbo kulikuwa na mvumo: nguuuu! Kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe.

"Bibi, cherehani yako inaniharibia wimbo!"

Bibi, aliyekuwa na sare kumi za kushona, akaondoa miguu kwenye kanyagio. "Haya, nimenyamaza. Na kupumua niache?"

Chiriku akarekodi upya sauti zote nne. Nguuuu! Akamfukuza kaka yake na ndala zake za kuburuza. Nguuuu! Akafunga madirisha mpaka jasho likamchuruzika. Nguuuu! Mwishowe akanyemelea jikoni, akachomoa friji. Nguuuu vilevile!

Jioni mama alirudi kutoka kazini, akafungua friji, akaziba pua.

"Maziwa yamechacha! Nani kachomoa friji?"

"Umeme ulikatika, mama," Chiriku akajibu haraka.

"Ajabu," bibi akasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Ulikatika kwenye friji tu? Mbona taa yangu haikuzimika?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Nisamehe. Lakini mvumo hauishi! Nimechoka!"

Wakati huo mjomba akaingia. Alisikiliza wimbo, kisha akaufuata kwa macho waya uliotoka kwenye kinasa sauti hadi ukutani.

"Chaja hii inafanya nini hapa?"

"Inachaji, mjomba."

"Nilikwambiaje?"

Chiriku akatazama vitufe tena.

"Nilisema uchaji kwanza, uchomoe, ndipo urekodi. Chaja ndiyo inayovuma. Na kila sauti unayoongeza inakuja na mvumo wake: sauti nne, mivumo minne!"

"Kachomoa nyumba nzima, akabakiza waya wake," mama akaguna.

Chaja ikachomolewa. Chiriku akaanza upya, mara hii akiwa karibu na kinasa sauti kama mjomba alivyomwelekeza. Chumba cha pili, bibi aliendelea kushona bila kuombwa anyamaze. Wimbo ukatoka safi kama maji ya mtungi.

"Umejifunza nini?" mjomba akauliza.

"Nisikilize ninapoelekezwa. Na nijikague kabla ya kulaumu wengine."

"Na usifiche kosa kwa uongo," mama akaongeza. "Sasa kaoshe friji."

Bibi akacheka. "Wahenga walisema nyani haoni..."

"Bibi!"

"Mimi nimeishia hapo. Hilo lililobaki umelimaliza mwenyewe kichwani."