Mchuzi wa Flavian

Jioni za kijiji cha Mwazye zina baridi, kwa hiyo jikoni kwa Dominika hapakosi sufuria motoni. Leo maharage, kesho dagaa wa kutoka ziwani Wampembe, na Pasaka ikifika, kuku. Harufu ikishatoka nje, mumewe Modesti huacha kufunga ng'ombe wa plau akaja kuuliza kama ugali umeiva.

Dominika alimpenda sana kitinda mimba wake, Flavian. Mtoto alikuwa ameshaachishwa ziwa, na chakula kikiiva yeye ndiye aliyepakuliwa kwanza. Mama yake alichota mchuzi wa juu, wenye rangi nzuri, akaumimina kwenye ugali wa mtoto. Maharage yenyewe yalibaki kwa ajili ya wakubwa. Dominika hakuwa mchoyo. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, bibi Epifania. Bibi alisema nguvu yote ya chakula huhamia kwenye mchuzi, na kinachobaki ni makapi ya kushibisha watu wenye meno.

Basi mtoto akawa anapewa nguvu, na wakubwa wakawa wanakula makapi. Ajabu ni kwamba makapi yaliwanenepesha wakubwa, na nguvu ikamkondesha mtoto.

Flavian alikuwa ameanza kutembea. Kisha akaacha. Alikaa tu mlangoni akiwatazama kuku, wala hakuwa na hamu ya kuwafukuza. Dominika aliogopa kwamba mtoto wake anamtoka mikononi. Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Modesti naye alihangaika kwa namna yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mahindi yaliuzwa kwa yeyote mwenye lori, na maduka ya Sumbawanga yalijaa vitu ambavyo zamani watu walivisikia tu. Alipouza mahindi alirudi na zawadi mbili. Ya kwanza ilikuwa kitenge chekundu kutoka Zambia, cha mkewe. Ya pili ilikuwa vipande vidogo vya supu, vimefungwa kwenye karatasi yenye picha ya jogoo. Muuzaji alimwambia kwamba kipande kimoja kwenye maji ya moto ni supu ya kuku kamili. Modesti akaamini kuwa jogoo mzima amekamuliwa humo. Tangu hapo, mara nyingi Flavian alikula ugali na maji ya jogoo wa karatasi.

Asubuhi moja jirani yao Evodia, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita kusalimia. Alimkuta Dominika anafua kile kitenge kwa mara ya kwanza. Maji kwenye beseni yalikuwa mekundu. Evodia alimtazama Flavian, akamshika mikono na miguu, akauliza anakula nini. Dominika alimweleza yote kwa fahari, kuanzia mchuzi wa juu hadi yule jogoo. Evodia hakumcheka. Aliangalia beseni.

"Mama Flavian, kitenge hiki kimetoa rangi kweli."

"Kimetoa, dada. Maji yote yamekuwa mekundu."

"Basi Jumapili nenda kanisani umevaa haya maji. Kitenge nipe mimi."

Dominika alicheka. Kisha akaacha kufua, kwa sababu Evodia alikuwa bado anamtazama mtoto.

"Mchuzi ni hivyo hivyo," Evodia alisema taratibu. "Unachukua rangi, chumvi na utamu, na nguvu kidogo. Lakini kinachojenga mwili kimebaki kwenye maharage, kwenye dagaa, kwenye nyama. Mwanao tunamvalisha maji."

Machozi yalimlenga Dominika. Evodia alimwambia asijilaumu, kwani wengi kijijini hufanya hivyo kwa upendo. Alimweleza pia kuwa vile vipande vya dukani ni chumvi nyingi na harufu tu. Mtoto mdogo havimfai.

Je, mchuzi umwagwe? Hapana, alisema Evodia. Mchuzi hulainisha chakula na kuleta hamu ya kula. Chota maharage pamoja na mchuzi wake, uyaponde kwa mwiko mpaka yawe laini, halafu uchanganye na ugali laini. Siku ya dagaa, watwange wawe unga na uwatie humo. Ongeza mboga za majani zilizokatwa ndogo, na mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa. Sufuria ni ile ile ya familia. Mtoto awe na kibakuli chake, ale bila kushindana na wakubwa, na katikati ya milo apate uji wa ulezi. Evodia alisisitiza pia kwamba mtoto apelekwe kliniki. Huko walimpima, wakaona uzito wake ni mdogo, wala hawakumkuta na ugonjwa mwingine.

Shida ikawa nyumbani, Dominika aliposimulia maneno ya Evodia kuhusu kitenge na kuvaa maji. Bibi Epifania alinuna, akasema amelea watoto wake wote kwa mchuzi. Modesti akaunga mkono upande wa mama yake.

Dominika hakubishana nao. Jioni hiyo Modesti alirudi kutoka kulima, amechoka, akanawa mikono. Akakuta ugali na bakuli la mchuzi mtupu. Alilikoroga akitafuta.

"Mama Flavian, maharage yako wapi?"

"Nimekupa mchuzi wa juu, baba. Si ndiko iliko nguvu yote?"

Modesti alitazama bakuli, kisha akamtazama mwanawe aliyekaa mlangoni. Alimwomba mkewe maharage, akayaponda mwenyewe, akamlisha Flavian mpaka kibakuli kikaisha.

Mahindi yalipoanza kubeba, Flavian alikuwa anawafukuza kuku hadi uwanjani kwa Evodia. Mashavu yamejaa, kelele zimerudi. Dominika alimwangalia na kushukuru kila siku.

Jioni moja mtoto alitoka jikoni akiwa ameshika kibakuli chake kwa mikono miwili. Alitembea mwenyewe mpaka kwa bibi yake. Bibi Epifania alichungulia ndani, akamwita mkwewe kwa sauti kali.

"Dominika, njoo uongeze maharage hapa. Mnataka mjukuu wangu avae maji?"