Mume wa Semina

Jumanne asubuhi, unywele ulikuwa umenasa kwenye sabuni ya kuogea. Ulikuwa mmoja tu, mweusi, mnene kama uzi wa kushonea magunia. Nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, mama na bintiye, na tangu baba afariki, miaka kumi na mmoja nyuma, hakuna mwanamume aliyewahi kuoga humo. Binti aliushika kwa ncha za kucha akauvuta. Ukatoka, ukaendelea kutoka, ukawa mrefu kuliko sabuni yenyewe, na kwenye shina lake paling'ang'ania kitu cheupe, laini, chenye harufu ya kwapa. Akaitupa sabuni nzima jalalani, akanawa mikono mara tatu, akaenda kazini bila kunywa chai.

Tena hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kutwa alishinda na vinywa vya watu: sanamu za plasta zenye alama za fizi, na vipande vya nta vilivyoumwa na wazee vikamfikia vingali na mate. Alivishika kama mwingine anavyoshika vitunguu. Unywele ule ndio uliomshinda.

Mwezi uliofuata alikuwa anakwenda ng'ambo kujitolea mwaka mzima, kwenye zahanati ya wazee vibogoyo ambao hawakuwa na wa kuwatengenezea meno. Angesafiri peke yake. Safari hiyo aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kwa sababu miaka thelathini na minne alikuwa amelala chumba kilekile, ukuta mmoja na mama yake, na alikuwa ameanza kujihisi sehemu ya fanicha.

Mama hakuitaka safari. "Mwanamke peke yake ugenini, mwanangu?" alikuwa akisema. "Ungekuwa na mume ningelala usingizi."

Mume akapatikana kwenye semina.

Ofisi iliyokuwa ikiwapeleka iliwaandalia mafunzo wanawake sita waliokuwa wanasafiri peke yao. Mwalimu wao alikuwa nesi mstaafu aliyetembea nchi nyingi, na kwa sauti yake walimwita Kamanda. Aliwafundisha kushonea nakala ya pasipoti ndani ya pindo la sketi, kutotaja namba ya chumba hadharani, kukaza kiti chini ya kitasa cha mlango. Siku ya mwisho akafundisha somo la mume.

"Mwanamume akikusumbua, usimwambie humtaki," alisema. "Mwambie una mume. Kuna wanaume hawaheshimu mwanamke, ila mali ya mwenzao wanaiheshimu. Ni upuuzi, lakini umeniokoa mara nyingi. Kwa hiyo kila mmoja amtengeneze mume wake hapahapa. Na mumpe kasoro. Mume asiye na kasoro, nani atamwamini?"

Wengine walitoa waume wa kawaida, walimu na wahasibu. Fundi, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, akasimama. "Wangu ni dereva wa lori la samaki. Ana nywele kuanzia kifuani mpaka mgongoni. Asubuhi husalimia kwanza kwa kohozi, ndipo kwa maneno. Kucha za miguu hatumii mkasi, anazitafuna. Akila, jirani wa tatu anajua ameshika mfupa. Lakini ananipenda huyo! Niende wapi asinifuate?"

Wakacheka mpaka machozi. Mkunga, rafiki yake aliyeketi kando, alishika mbavu akaomba ahurumiwe. Hata Kamanda alifuta macho. "Huyo nimemwona kabisa," alisema. "Sasa mkazoee nyumbani. Vaeni pete. Wekeni viatu vya kiume mlangoni. Ulimi uzoee kabla hamjafika kwa watu."

Fundi akanunua pete ya bati na viatu vya mtumba vikubwa kama mitumbwi, akavipanga kizingitini. Msoma mita alipobisha hodi alimjibu kwa sauti, "Ngoja kidogo, mume wangu yuko ndani." Mama, aliyekuwa jikoni, akadakia, "Mkwe wangu amelala, msimwamshe!" Ilikuwa mara ya kwanza mama kuicheka safari ile, na Fundi alifurahi sana.

Unywele ulikuja siku ya tatu baada ya hapo.

Alhamisi aliamka akakuta kohozi kwenye beseni la kunawia. Lilikuwa la kijani, lenye nyuzi za kahawia, limeshikamana na chuma cha bomba likining'inia bila kudondoka. Alilimwagia maji, halikwenda. Alilisukuma kwa mswaki wa zamani, likaufuata mswaki. Mwishowe alilifunga kwenye gazeti, na kupitia gazeti aliuhisi uvuguvugu wake.

"Mama, unaumwa kifua?"

"Mimi? Mzima kabisa."

Ijumaa alitaka kusogeza vile viatu ili apige deki. Ndani vilikuwa vimelowa jasho, soli zake zina joto la mguu uliotoka sasa hivi. Jumamosi akakuta kucha juu ya mto wake, nne, nene, za manjano, zimelainika kwa mate. Nyumba ikaanza kunuka samaki wa juzi. Alifungua madirisha yote akamwaga dawa ya sakafu, na ile harufu ikachanganyika na dawa ikawa mbaya maradufu. Alitapika kwenye ndoo, na alipoinua kichwa akamwona mama anapita na kitambaa, anafuta kohozi jingine bombani, taratibu, bila kukunja uso. Huyu ni mama ambaye maisha yake yote alikuwa hawezi kunywa maji kwenye glasi aliyoshika mtu mwingine!

"Mama, huoni kinyaa?"

"Wanaume ndivyo walivyo," mama alisema. "Baba yako naye alikuwa na mambo yake."

Jumatatu mchana, kazini, jua likiwa limejaa dirishani, Fundi alilainisha kipande cha nta akakiacha mezani aende kula. Aliporudi, nta ilikuwa imeumwa. Aliigeuzageuza kwenye mwanga kwa mikono ya kazi, kwa mazoea, kabla akili haijamfikia. Hapakuwa na alama ya jino hata moja. Zilikuwa fizi tupu, zimekunjamana, ndefu kama kiganja chake, na mate mazito yalikuwa bado yanavutika kati ya nta na meza. Hapo ndipo alipoelewa. Yeye alikuwa amempa nywele, akampa kikohozi, akampa kucha na ulafi na mapenzi. Meno alisahau kumpa, na sasa mwenyewe alikuwa amekuja kuyaagiza kwa mwenye kazi yake.

Alikimbia nyumbani bila kufunga karakana. Mama alikuwa mezani. Kulikuwa na sahani tatu.

"Mama," alinong'ona, "sahani ya tatu ya nani?"

"Sema polepole. Anakula."

"Nani anakula?"

"Kaa, mwanangu, usimwaibishe mwenzako. Nyama inamsumbua, maskini, hana meno."

Kwenye sahani ya tatu nyama ilikuwa imetafunwa ikawa uji mweupe, ikatemwa, na ule uji ulikuwa ukipungua tena mbele ya macho yake, ukiinuka vipande vipande na kudondoka nusu, na juu ya kiti mto ulikuwa umebonyea na kulowa, na palepale alipokuwa akitazama pakaanza kuonekana nywele, kwanza chache zinazoelea hewani, kisha nyingi, kisha mgongo mzima wa nywele zilizoloa maji ya samaki, na mgongo ukageuka kumwelekea ukawa bado ni mgongo, kwa sababu uso pia hakupewa, na katikati ya nywele pakafunguka kinywa kimoja chekundu kisicho na jino, kimejaa nyama na mate, kikamwambia kwa upole wa mume aliyerudi kutoka safarini, "Nitengenezee meno, mke wangu, nisije nikakuaibisha huko tuendako."

Fundi alitapika palepale juu ya meza. Mama akaenda kuleta kitambaa.

Mkunga hakumcheka alipomweleza. Alimpeleka kwa shangazi yake, mwanamke mfupi aliyeuza mayai kwa jumla, na ambaye alitoa majini siku ambazo kuku wake hawakuwa na homa. Shangazi alimnusa Fundi kutoka mlangoni akaziba pua kwa upindo wa kanga.

"Phu! Umempata wapi mchafu hivi?"

"Nilimtunga mwenyewe, shangazi. Kwa mzaha."

"Jini haingii pasipo mlango. Nyie mlimjengea mlango, mkamwekea na viatu." Alifikiri huku akipanga mayai kwenye trei. "Simpigii ngoma wala simfukizii ubani, huyo si wa hivyo. Alipewa kwa midomo, atanyang'anywa kwa midomo. Wote waliomsikia akitungwa wamkane, mbele ya viatu vyake. Na kuna aliyempokea. Nani alimpa chakula?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Mama yangu."

"Basi mama ndiye kufuli. Asipomkana yeye, hiyo ndege utapanda naye."

Mama alikubali kwenda, lakini njia nzima alitembea nyuma. Walipofika kwenye ngazi za ukumbi wa semina alimshika Fundi mkono. "Wewe ukishaondoka," alisema, "mimi nitampikia nani?" Fundi aliogopa kuchelewa. Akamwambia watalizungumza baadaye, akamvuta ndani.

Viatu viliwekwa sakafuni juu ya magazeti. Wale wanawake sita waliketi kuvizunguka, Kamanda na shangazi wakasimama. Shangazi alipasua yai juu ya kila kiatu. Kiini kiligusa ngozi kikawa cheusi, kikaanza kutoa mapovu, na ukumbi ukajaa uvundo hata mwanamke mmoja akakimbilia dirishani. Kutoka ndani ya viatu yakaanza kuvuja maji mazito, na ndani ya maji vikielea vipande vya kucha.

"Semeni!" shangazi alifoka.

"Fundi hana mume," alisema mkunga, kitambaa puani. Wakafuata wengine mmoja mmoja. Kamanda, ambaye kwa hakika hakuwahi kuomba radhi tangu azaliwe, alisema, "Fundi hana mume, na kosa ni langu." Fundi mwenyewe alivua pete ya bati akaitupia kiatuni. "Sina mume. Sijawahi kuwa naye. Ulikuwa uongo, nao nimeurudisha."

Kisha wakamgeukia mama. Viatu vilisogea. Watu wote waliviona vikisogea, taratibu, vikiacha alama ya unyevu kwenye magazeti, mpaka ncha zake zikamwelekea mama. Ndani yake pakasikika kilio chembamba, cha kubembeleza, na mama alikuwa akivitazama kwa macho yaliyojaa machozi.

"Mama yake Fundi," shangazi alisema, "una mkwe?"

Mama aliendelea kuvitazama vile viatu. Ndege ilikuwa baada ya siku nne. "Mama, nakuomba," Fundi alisema, akapiga magoti.

"Sina mkwe," mama alisema.

Viatu vikanywea hapohapo, vikakauka, vikapasuka. Walivichoma nyuma ya ukumbi, na moshi wake ulinuka ngozi kuukuu tu. Nyumbani uvundo ulikuwa umekwisha. Fundi alisugua bafu mara mbili, akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Siku ya safari mama alimpikia, akamfungia sanduku, akamkumbatia mlangoni bila kulia, na Fundi alishukuru kwamba amelichukulia vizuri.

Huko ng'ambo mambo yalikwenda. Alipewa chumba kidogo chenye dirisha la kaskazini, na meza ya kazi ndefu. Wanaume wawili watatu walimwuliza kama ameolewa, akawajibu hapana, na mtazamo wa macho yake ukamaliza mazungumzo. Aliona fahari kusema yuko peke yake. Kila Jumapili alimpigia mama simu wakaongea habari za majirani.

Jumapili ya tatu, mama alikuwa akimweleza kuhusu paa linalovuja, na nyuma ya sauti yake mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kuvuta kutoka chini kabisa ya kifua, kikamalizika kwa kitu kizito kutua kwenye beseni.

Fundi alihisi mate yamejaa mdomoni. "Mama, nani huyo?"

"Punguza sauti, ndiyo kwanza anaamka."

"Mama! Ulimkana. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yako. Ulisema huna mkwe."

"Na kweli sina." Mama alicheka kidogo, kicheko cha haya, cha msichana, ambacho Fundi hakuwahi kukisikia maishani mwake. "Mkwe sina, mwanangu. Mume sikuulizwa."