Nguzo kwenye Boma la Kale

Jua lilikuwa linazama Wilfred Tozer alipopandisha nguzo saba kilimani. Kondoo wake wenye mimba walikuwa wakiporomoka kwenye handaki la boma la kale, na wawili walishavunjika miguu. Alitaka kuzungushia ua.

Boma hilo ni tuta la udongo lililorundikwa na watu wasiojulikana, kabla ya kanisa lolote kujengwa hapa Dorset, Uingereza. Linalindwa na sheria. Afisa wa mambo ya kale alishamwonya: "Hata kigingi, mzee Tozer. Hata kimoja."

"We gonga tu," alisema jirani yake, Desmond Pook, akimshikia nguzo ya kwanza. "Wakikufunga, angalau utapikiwa."

Wilfred hakucheka. Tangu amzike mkewe, Avril, wiki tatu nyuma, hakuwa amecheka wala kulia. Avril alipougua, alikuwa akimwita kwa kugonga ukuta: mara mbili, kimya, mara moja. Hata Desmond aliizoea ishara hiyo. Usiku aliokata roho, Wilfred alikuwa zizini akizalisha kondoo. Hakusikia kitu.

Akainua nyundo. Du. Du. Du. Akatua kuvuta pumzi...

Chini ya udongo, kitu kikagonga.

Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Harufu ya kafuri ikapanda, ile aliyokuwa akimpaka Avril kifuani.

"Umesikia, Des?"

"Nini, kunguru?" Desmond akaweka kiganja juu ya nguzo. Akakiondoa upesi. Uso ulikuwa umempauka. "Wilf... tulimshusha kaburini wenyewe, mimi na wewe. Kanisani, maili mbili kutoka hapa. Huyo si Avril."

"Najua."

"Basi twende, ndugu yangu. Supu iko jikoni."

"Tangulia."

Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Wilfred akachukua sepetu. Safari hii alikuwa amesikia.

Polisi walimtafuta siku tatu. Juu ya boma walikuta nguzo sita zimelala, na nyundo. Ya saba haikuonekana. Afisa wa mambo ya kale alipima kila hatua ya tuta, akaandika kwamba nyasi ni zilezile na udongo haujaguswa.

Desmond hakubisha. Alikuwa amesimama pale alipoishika nguzo ya kwanza, na kupitia soli za buti alihisi mdundo mwingine kutoka chini. Haukuwa wa Avril.

Du. Du. Du.

Halafu kimya, kama mtu anayetua kuvuta pumzi.