Madame wa Fort-de-France

"Wewe! Hiyo ni yangu!"

Mwanamume yule alikuwa ameshatia mrija mdomoni. Mireille alimwona kwa macho yake akinyoosha mkono pale dirishani, akachukua glasi ambayo yeye ameisubiri kwenye foleni mpaka visigino vikamwaka moto, akavuta. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, ufuko wa Durban umejaa watu, baiskeli na watoto wenye ndoo za mchanga, na kibanda cha smoothie kilikuwa kimoja tu upande ule. Alikuwa ameagiza kwa makini: papai, maracuja, yaani pasheni, na tangawizi, bila sukari, barafu kidogo.

"Samahani, dada. Nilidhani ni yangu. Mimi niliagiza embe."

"Embe na maracuja hujui tofauti? Umevuta mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara tatu! Kwa hiyo ya kwanza tu ulishajua!"

"Ya kwanza nilishangaa. Ya pili nilitaka kuhakikisha." Akaitazama glasi. "Ya tatu, kusema kweli, ilikuwa tamu tu."

Watu wa kwenye foleni wakacheka, na hilo likamuudhi Mireille zaidi. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu, kilemba amekifunga juu kama taji, na hakuwa mtu wa kuchekwa. Mwanamume mwenyewe alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, Kiswahili chake cha Bujumbura kimetulia kana kwamba hana kosa lolote duniani. Alimwagizia nyingine, akamsimamia muuzaji mpaka mwisho. "Bila sukari, my brother. Huyu mama akikuta sukari tutafukuzwa Durban wote wawili."

Mireille alijitahidi asicheke. Alishindwa walipofika kwenye robot, wakisubiri taa iwaruhusu kuvuka barabara, na hapo ndipo namba ya simu ilipomtoka.

Jina lake Ladislas. Alikuwa mhudumu wa baa kwenye meli za watalii, yuko likizo, amefikia kwa ndugu zake. Mireille alisuka nywele katika saluni ya Deborah katikati ya mji. Likizo ile yote Ladislas alikuwa akija kumsubiri nje ya saluni jioni, mkononi matunda aliyoyachagua mwenyewe, mpaka Deborah akaanza kumwita "mwanahisa". Walitembea, walibishana, walipatana. Mtu aliyewaona wakitembea angedhani wanagombana, maana Mireille alipenda kwa sauti ya juu.

Kisha mkataba mpya ukaja. Safari hii meli ilikuwa ya Karibiani.

"Nitakupigia kila bandari," Ladislas alimwambia.

"Usiponipigia nitajua uko baharini. Ukinipigia na sauti yako imebadilika, nitajua uko kwingine."

Alipiga kweli. Asubuhi ya kule ilikuwa mchana wa Durban, kwa hiyo simu iliegemezwa kwenye kioo cha saluni, Mireille akisuka huku akitazama. Kila meli ilipotia nanga, Ladislas aliteremka kwenda sokoni kuagiza smoothie ya matunda mabichi, kisha akamweleza ladha yake mpaka wateja wakameza mate. Leo mapera na ndizi. Leo nanasi na nazi, juu wamekunia kungumanga.

"Na hii, chérie, hii ni corossol."

"Stafeli, ile ya miiba? Mama alikuwa nayo nyuma ya nyumba, Bukavu."

"Ingekuwa hapa ungeinywa ukasahau kunigombeza."

"Jaribu uone."

Lakini Durban haikuishi kwa smoothie za kwenye simu. Kaka yake, Jacques, aliyefanya kazi kwenye ghala huko Mobeni na ndiye aliyebaki kama baba kwake, alikuwa amechoka kusubiri. Eddy, mwenye malori kule Clairwood, alikuwa ametuma watu kumposa. Mtu wa heshima, mtu wa kanisani. Mireille alikataa.

"Huyo mtu wako wa meli amesema atakuja nyumbani lini?" Jacques aliuliza.

"Atakuja."

"Amekuambia?"

"Kaka, nimesema atakuja."

Hakuwa ameambiwa. Alimtetea tu, kanisani, saluni, mezani kwa kaka yake, na kila akimtetea alijihisi mdogo kidogo.

Ndipo ikaja simu ya Martinique. Saluni ilikuwa imejaa. Ladislas alikuwa sokoni Fort-de-France, jua limemjaa usoni, nyuma yake mafungu ya maembe na maracuja. Kabla hajamaliza kusema bonjour, sauti nene ya mwanamke ikasikika pembeni kwa Kifaransa, na Kifaransa hakuna aliyehitaji kumtafsiria Mireille:

"Mbili kama kawaida, eh, Ladislas? Yako na ya madame?"

Mikono ya Mireille ikasimama kichwani mwa mteja. Deborah akazima kikausha nywele.

"Madame nani?" Mireille aliuliza.

"Chérie, subiri nikueleze..."

"Nimeuliza madame nani! Kama kawaida! Kumbe kuna kawaida! Mimi hapa nakataa watu wenye nyumba, wewe huko unanywesha madame juisi ya corossol!"

"Ni wewe!"

"Mimi niko Durban!"

"Madame ni wewe. Mama huyu aliniuliza nina mke, nikasema ndiyo, yuko Durban, anaitwa Mireille. Tangu siku hiyo kila tukitia nanga hapa ananichanganyia mbili. Anasema mtu hanywi peke yake wakati ana mke. Muulize mwenyewe!"

Akageuza simu. Mama mmoja mnene mwenye kofia ya majani akapunga mkono, uso umechanua. "Madame Mireille! Mumeo anakusifia mpaka tumechoka!"

"Na hiyo ya pili nani anakunywa?"

"Mimi. Huoni nimenenepa?"

Wateja wakaangua kicheko. Mtu mwingine angecheka pia, yakaisha. Lakini kilichompanda Mireille sasa hakikuwa wivu tena.

"Kwa hiyo Martinique wanajua mimi ni mke wako."

"Wote."

"Na mabaharia wenzako?"

"Wote, chérie."

"Na kaka yangu Jacques anajua?"

Ladislas akageuza macho kwenye maembe.

"Nijibu. Wauza maembe wa Fort-de-France wameambiwa. Ng'ambo yote ya bahari wananiita madame. Hapa ninapoishi, ninapoangaliwa kanisani kama mwanamke anayejidanganya, umemwambia nani? Umemtuma nani kwetu? Nimekuwa mke kwa mdomo wako, bila mtu kuniuliza, hata mimi mwenyewe! Eish, Ladislas! Mke huagizwa kama smoothie?"

"Mireille, nilikuwa nasubiri nikirudi..."

"Basi ukirudi utafute madame mwingine wa kumnywea juisi."

Akakata. Akamaliza kusuka kichwa kile bila neno, akikaza nywele mpaka mteja akaomba msamaha kwa kosa asilolijua.

Ladislas alipiga, Mireille hakupokea. Alituma ujumbe wa sauti, Mireille akaufuta bila kusikiliza, kisha akajikasirikia kwa kuufuta. Eddy alituma watu tena, naye akakataa tena, na safari hii hakuwa na sababu ya kutoa. Usiku hakulala vizuri. Alichokasirikia hasa, alimwambia Deborah, ni kwamba lile neno lilimfurahisha. Kwa nukta moja tu, mama yule alipomwita madame, moyo wake uliruka. Ndiyo maana iliuma.

Mkataba uliisha, Ladislas akarudi Durban, na hakuja saluni. Wiki zikapita. Mireille akasikia kwa watu kwamba yuko mjini na ataondoka tena karibuni. Basi, akasema moyoni, ndivyo alivyo.

Jumamosi moja Jacques akampigia. "Njoo nyumbani. Vaa vizuri. Iko wageni."

Alijua ni watu wa Eddy. Alivaa kitenge cheusi, makusudi, akaja na hotuba yake ya kukataa. Mke wa Jacques akampa sinia la soda pale jikoni, akamsukuma sebuleni. Kwenye kochi alikaa mzee mwenye suti ya kahawia, Libère, baba mdogo wa Ladislas, na pembeni yake Ladislas mwenyewe, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, jasho linamtiririka.

"Mireille," Jacques alisema kwa sauti ya sherehe, "watu hawa wanasema wameona ua nyumbani kwangu. Huyu kijana unamjua?"

"Namjua," alijibu. "Ndiye mume wangu wa Martinique. Wa hapa Durban simjui."

Mzee Libère akakohoa. Ladislas akasimama.

"Ulisema sikutuma mtu kwenu. Nimekuja na baba mdogo, na wiki hizi zote nilikuwa nikija kwa kaka yako. Mara ya kwanza alinifungia mlango. Ya pili pia. Alikuwa na haki." Akameza mate. "Ulisema hata wewe hukuulizwa. Nakuuliza mbele ya wote. Mireille, utakubali niwe mume wako?"

Mireille akalikazia macho sinia lililo mikononi mwake.

Jacques akaona amsaidie. "Kijana, kabla hajajibu. Ndege ya kukurudisha kazini ni lini?"

"Iliondoka asubuhi, kaka."

Sinia likagonga meza.

"Iliondoka? Bila wewe?" Mireille alifoka. "Umeacha kazi, hukuniuliza, hukunipigia hata simu! Ladislas, una akili kweli? Sasa tutakula nini?"

Uso wa Ladislas ukaanza kufunguka taratibu, na baba mdogo Libère akapiga makofi.

"Mmesikia wote?" Jacques alisema. "Amesema *tutakula*."

"Sijamaliza! Nimeuliza swali!"

"Hoteli ya ufukweni imenichukua. Naanza Jumatatu."

"Si ungeanza na hilo! Unanitia presha mbele ya wazee, unakaa hapo unatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu!"

Shangwe ikatoka jikoni. Mireille akakaa kando yake kwenye kochi, akamshika mkono, na akaendelea kumgombeza mpaka soda zikapata moto.