Pasi Iliyokufa Ndani ya Boksi Jipya

Kitu cha kwanza alichokiona ni fundo. Wengine wote waliokuwa kwenye kaunta waliitazama pasi yenyewe, iliyokuwa imeungua chini kama sufuria la kuni. Yeye aliona jinsi waya wake ulivyoviringwa, kitanzi juu ya kitanzi, ukafungwa kwa ukanda mwembamba wa kitambaa cheupe. Fundo lilikuwa bapa, limelala vizuri. Aliliangalia mara moja, kisha akahamishia macho ukutani.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu kasoro asubuhi, katika kituo cha kupokelea mizigo inayonunuliwa mtandaoni. Msichana huyo alikaa dirishani. Walimwita Kimya, maana aliweza kuhudumia watu kutwa nzima kwa kutikisa kichwa tu.

Aliyeshika boksi alikuwa dobi wa mtaa wa nyuma. Alikuwa amepata kazi ya kupiga pasi makoti ya hospitali, na kazi ingeanza wiki ijayo. Akaagiza pasi ya mvuke kutoka duka moja kubwa la mtandaoni, duka lenye nyota nyingi na wateja wasiohesabika. Boksi lilipofika kwake alilifungua mbele ya aliyelileta, akakuta pasi iliyokufa. Wakarudi wote wawili kituoni.

Aliyelileta aliitwa Tairi. Alikuwa mpanda pikipiki wa kituo, baba wa watoto wawili, mtu wa utani. Lakini asubuhi hiyo utani wake haukupata mnunuzi. Mwenye kituo, ambaye hata mkewe alimwita Bosi, alimwambia afungue sanduku la pikipiki. Halikuwa na kitu. Akamwambia amwage mkoba. Kisha akamwambia avue koti.

“Pasi nimeivaa, Bosi?” Tairi aliuliza. “Si ningekuwa nimeiva?”

Hakuna aliyecheka. Wateja walikuwa wamesimama foleni, na mmoja alikuwa ameinua simu anapiga picha. Tairi alivua koti, akatafuta mahali pa kuliweka, akampa Kimya. Bitana yake ilikuwa imechanika kwapani. Kimya alilikunja ili pale pasionekane.

Bosi alisema atasubiri mpaka Jumamosi. Pasi nzima isipopatikana, Tairi atatafuta kazi kwingine, na polisi wataelezwa kwa nini.

Watu walipopungua, Kimya aliomba kuliangalia lile boksi. Bosi alishangaa zaidi kusikia sauti yake kuliko ombi lenyewe. Akamruhusu.

Kwanza aliangalia tepu. Duka lile lilifunga mizigo yake kwa tepu ya njano yenye jina lake, na tepu hiyo ilikuwa imekatwa mara moja tu, kwa kisu cha dobi. Kingo zake hazikuwa na alama ya kubanduliwa. Tairi asingeweza kulifungua na kulifunga tena njiani. Alimweleza Bosi hivyo, taratibu, akiangalia chini.

“Mwizi hakosi tepu,” Bosi alijibu. “Na kama si Tairi, basi ni dobi mwenyewe. Kachomoa pasi mpya, katia ya kwake ya zamani, sasa anataka mbili.”

Wazo hilo lilimpendeza Kimya kuliko ilivyostahili. Mchana alikwenda kwa dobi na ile pasi mbovu mkononi, akamuuliza kama aliwahi kuitumia. Dobi hakukasirika. Aliigeuza akaonyesha chini, palipokuwa na utando wa kitu kama nta iliyoganda, na nyuzinyuzi nyeupe zimenasa ndani yake.

“Hii ni gundi ya kola, mdogo wangu. Kile kitambaa cha kugandisha ndani ya kola wakati wa kushona. Mimi nguo inanifikia imeshashonwa. Nitagandisha nini?” Akamrudishia. “Aliyeiua hii ni fundi cherehani.”

Kimya alishukuru, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Siku iliyofuata alimbana Bosi mwenyewe. Mzigo ulilala kituoni usiku mmoja, na ufunguo alikuwa nao Bosi. Maneno hayo yalimtoka kwa kugugumia, na Bosi alimtazama kama mtu aliyeng’atwa na kuku wake. Lakini alijibu. Usiku ule alikuwa msibani kwa shemeji yake, ufunguo alimwachia mlinzi wa jengo zima, na mlinzi alithibitisha kwamba mlango haukuguswa.

Likabaki duka. Bosi alikuwa amelalamika kwa ujumbe mara kadhaa, na kila mara alijibiwa maneno yaleyale ndani ya sekunde: Mteja wetu mpendwa, pole kwa usumbufu, maoni yako ni muhimu kwetu. Alipouliza kama anaongea na binadamu, alijibiwa kwamba maoni yake ni muhimu kwao.

Jumatano, saa nane mchana, Kimya alichemsha maji kwenye birika na kuishikilia lebo ya boksi juu ya mvuke. Lebo ililegea. Chini yake palikuwa na lebo nyingine, na juu ya hiyo ya chini palikuwa na muhuri wa mviringo wa kituo chao. Muhuri ule hugongwa kwenye mizigo inayorudishwa dukani tu, na aliyekuwa akiugonga ni Kimya.

Boksi lile lilikuwa limewahi kupita pale.

Gari la mizigo lilifika saa kumi. Dereva wake alikuwa mnene mwenye maneno mengi, na Kimya alimuuliza duka lile hufanya nini na mizigo inayorudi.

“Wanafanya nini? Wanaiuza,” dereva alisema. “Mimi nashusha mlango wa nyuma. Wafungaji wale wanalipwa kwa boksi, na boksi la kufunguliwa na kukaguliwa halina malipo. Nani atalifungua? Wanabandika lebo mpya juu ya ile ya zamani, tepu juu ya tepu, linatokea mlango wa mbele. Mara nyingine nalipakia palepale nilipolishusha.” Akacheka. “Wanauza mno, binti. Hawana nafasi ya kujua wanauza nini.”

Basi mwizi hakuwa njiani wala kituoni. Alikuwa mteja. Mtu alinunua pasi nzima, akaitoa, akatia mbovu yake, akarudisha boksi akidai limekuja na pasi mbovu. Duka likamrudishia fedha zake bila kuangalia, na bila kuangalia likamtumia dobi ule uongo. Na mtu huyo alikuwa fundi cherehani.

Kimya alimaliza kazi akatembea hadi nyumbani na ile pasi mbovu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na cha mbele kilikuwa cha kushonea. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa amekaa kwenye cherehani na pini mdomoni. Mezani, juu ya blanketi lililokunjwa, palikuwa na pasi ya mvuke ya bluu, waya wake umefungwa kwa ukanda wa kitambaa cheupe, kwa fundo lake lilelile bapa. Inang’aa.

“Umechelewa,” mama mdogo alisema kupitia pini. “Chai ipo.”

Kimya hakukaa. Aliweka pasi mbovu mezani kando ya ile nzima. Zilikuwa pacha.

Mama mdogo alitoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake. Kisha akacheka kidogo.

“Imerudi?”

“Uliileta mwenyewe dirishani, mama mdogo. Nikaigonga muhuri.”

Hakukana. Alieleza kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mshono. Ile ya kwanza aliinunua kwao, ikafanya kazi wiki moja, ikafa na kola ya mteja chini yake. Akalalamika. Wakamwita mteja wetu mpendwa. Akalalamika tena, wakampa pole. Akatuma picha, wakamshukuru kwa picha. Ndipo akaagiza nyingine, akawarudishia maiti yao ndani ya boksi jipya.

“Sikumwibia mtu,” alisema. “Nimewarudishia chao.”

“Hawakukipokea. Wamempa dobi.”

“Dobi yupi?”

“Dobi wetu. Mwenye kazi ya hospitali. Na Tairi amevuliwa koti mbele ya foleni, Jumamosi anafukuzwa.”

Mguu wa mama mdogo ulikuwa bado kwenye kanyagio la cherehani. Ulikanyaga mara moja, sindano ikashuka kwenye hewa. Dobi yule alikuwa akimletea wateja, na Tairi alikuwa amempelekea nguo mara nyingi bila kudai nauli.

“Nilidhani kule kuna mtu,” alisema baadaye. “Nilidhani mtu atalifungua, aone, aone haya.”

Kimya alimwambia waende kituoni kesho. Mama mdogo alisema hapana. Akasema ataweka wapi uso wake, nani atampa kitambaa chake kizuri fundi mwizi. Akasema Tairi ni kijana, kazi atapata. Kisha akasikia alichokisema, akajifunika uso kwa nguo aliyokuwa anaishona.

Alhamisi asubuhi mama mdogo aliingia kituoni peke yake, amevaa nguo ya kwendea harusini. Mvuliwa nguo huchutama, lakini yeye alisimama wima. Alimkuta Bosi, Tairi, na dobi aliyekuja kuulizia. Aliweka pasi ya bluu mbele ya dobi, akasema yote, akitaja kila jambo kwa jina lake. Dobi alikuwa akiitikia “ndiyo dada, ndiyo dada,” kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Bosi alijishughulisha na kalamu. Mwishowe alimwambia Tairi kwamba kazi ipo, mambo yalikuwa ya kutoelewana tu. Tairi alisema asante bila kumtazama.

Mama mdogo alitoka. Dobi akamfuata ili asitembee peke yake.

Kimya alikuwa dirishani, ameshika mihuri asiyoihitaji. Bosi alimsifu. Alisema binti ametafuta kweli kama polisi, hakumwacha mtu, hata Bosi mwenyewe kahojiwa. Tairi naye akasogea kaunta, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

“Umeniokoa, mdogo wangu. Tena aliyehusika ni mama yako mdogo, mtu wa nyumbani. Pole sana. Ulijua lini?”

Angeweza kusema jana. Lebo ilibanduka jana, na hakuna ambaye angejua vingine. Hata yeye mwenyewe, siku zote tatu akimfuata dobi, akimfuata Bosi, akimuuliza dereva, hakuwa amejiambia alikuwa akitafuta nini. Alikuwa akitafuta mtu mwingine, yeyote.

“Jumatatu,” alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia ili isikike. “Jumatatu, kabla hujavua koti. Nilijua, kaka, na nikalipokea.”