Usije Paka Nikwambie

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika. Mafundi waligombania misumari na saruji, na katikati yao alisimama mzee mmoja aliyenyoosha suruali kwa pasi kana kwamba anakwenda harusini, kumbe alichofuata ni mpira wa bomba tu. Mtaa mzima ulimwita Posta. Mpaka anastaafu aligawa barua, na hakuna mwandiko uliowahi kumshinda kusoma.

"Baba, samahani. Hii rangi inafanana na nini?"

Aligeuka. Mama wa rika lake, gauni la kijani limemkaa vyema, miwani kichwani, doa la buluu kwenye kiwiko. Ameshika kikopo cha rangi ya ukuta, kidogo kuliko vyote dukani.

"Inafanana na chai iliyotiwa maziwa na mtu bahili."

Mama yule alicheka mpaka mafundi wakageuka. "Basi ndiyo yenyewe! Rangi ya uso wako hasa. Utakaa nikuchore?"

"Mimi? Na sura hii?"

"Hiyo hiyo. Nilikuwa mkunga, baba. Sura mpya nimeziona za kutosha. Sasa nataka zilizotumika."

Ikawa kila Alhamisi Posta anakwenda kwa Mkunga, paka wake Stempu kwapani. Anakaa kitini dirishani, Stempu mapajani, na picha imelazwa mezani.

"Tulia, mzee wangu. Unahema kama pampu."

"Nahema kwa sababu unaniangalia."

"Nikuchoreje sasa, kwa kukupa kisogo?"

Alhamisi moja Stempu aliruka, akatembea juu ya picha mbichi, akaacha nyayo zake kwenye paji la uso wa Posta.

"Amegonga muhuri!" Posta akasema, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Nitamgonga mimi!" Lakini Mkunga naye alikuwa hoi kwa kucheka, na wakati wa kuagana aliushika mkono wa Posta akasahau kuuachia. Posta alirudi nyumbani akiimba barabarani kama kijana.

Jumatano iliyofuata ujumbe ukaingia kwenye simu: "Posta kesho usije paka nikwambie kitu."

Alisoma, akarudia. Siku hizi watu huandika paka wakimaanisha mpaka; wajukuu zake wote huandika hivyo. Basi asije mpaka aambiwe. Akajikaza kisabuni, akajibu: "Sawa."

Alhamisi ikafika. Posta alifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Akapiga deki, akabadilisha mpira wa bomba, akamnunulia Stempu samaki, wakala wawili bila mazungumzo. Simu ilikaa mezani pembeni ya sahani yake. Alijaribu kumchora Stempu kwa penseli, akapata kitu kinachofanana na buti. Upweke alikuwa ameuzoea tangu mkewe afariki, lakini huu ulikuwa mwingine. Ulimuuma zaidi kwa kuwa safari hii mtu alikuwa hai, mitaa miwili tu kutoka kwake. Mara ngapi alishika simu apige, akaiweka? Mtu kakwambia usije, unamfuata nini?

Alhamisi zikapita. Balbu ya sebuleni ikaungua, akaenda dukani.

"Mzee," muuzaji akamwambia, "yule mama wa vikopo vidogo anahama. Kaja kuomba maboksi. Anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali huko."

Posta aliiacha balbu kaunta.

"Hodi!"

"Nani?"

"Posta."

"Posta ya siku hizi inachelewa," sauti ikajibu ndani.

Sebule ilikuwa imejaa maboksi. Mkunga alikuwa na gauni lile la kijani, na macho yamemvimba.

"Si ulisema nisije?" Posta akafoka, maana uchungu ulimjaa.

"Mimi? Lini?"

Akampa simu. Mkunga akashusha miwani, akasoma. "Usije na paka! Na paka, Posta! Nilikuwa naweka rangi upya pale alipokanyaga!"

"Hapa hakuna 'na'."

Akasoma tena. "Kidole changu kimeiruka."

"Na hicho kitu kilikuwa nini?"

"Binti yangu ananiita nikaishi naye. Nilitaka nikwambie, nawe uniambie nisiende. Ukajibu 'Sawa', hukutokea. Nilikungoja mpaka chai ikapoa. Nikasema basi, mwanaume kachagua paka wake."

"Usiende."

"Anakuja kunichukua kesho asubuhi."

"Usiende. Nataka tuoane, Mkunga. Sijui kupamba maneno. Miaka yote nilibeba ya watu."

Mkunga aliitazama picha iliyoegemezwa ukutani. Uso wa Posta ulikuwa umekamilika, muhuri umefutika, ila mapajani palikuwa bado patupu.

"Nenda nyumbani," akasema taratibu. "Mwanangu naye nampenda. Niache nizungumze naye kwanza. Kesho nitakuandikia."

Asubuhi Posta hakugusa chai. Alikaa kizingitini, na kila gari lililopita aliliona limemchukua Mkunga. Stempu alijisugua miguuni pake; Posta akamsukuma, kisha akamwomba radhi. Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipotoa mlio.

"Njoo na paka."

Safari hii hakuyaamini macho yake. Akapiga.

"Umeandika njoo na paka?"

"Nimeandika."

"Tuje kukuaga?"

"Binti kaondoka kanuna, Posta. Sebule imejaa maboksi, na mgongo wangu ndio huu. Nani atanisaidia kuyafungua?"

Posta akamkwapua Stempu, akatoka mbio mbio za kizee na suruali isiyopigwa pasi.