Bei ya Kidomo

Kila Jumamosi asubuhi, Kidomo akishaosha vyombo na kupangusa meza, alichukua ndoo, matambara mawili na kopo la nta, akamfuata babu yake bandani. Matambara yalikuwa mawili kwa sababu babu hakuruhusu tambara lililogusa magurudumu liguse mlango. Siku moja Kidomo aliuliza kama gari nalo huona kinyaa. Babu akamweleza kuwa mchanga wa magurudumuni hukwaruza rangi, kisha akafikiri kidogo na kuongeza kwamba ndiyo, kinyaa nacho kipo.

Jina la Kidomo alipewa na babu huyo huyo, kwa tabia yake ya kujibu swali kabla halijaisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Shuleni alikuwa na jina jingine, ambalo nyumbani hakuna aliyelikumbuka ila siku ya ripoti.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la viti viwili, paa la turubai la kukunja, rangi ya kijani iliyokolea. Lilimzidi umri hata mama yake Kidomo. Babu, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, alilinunua kwa mteja aliyelichoka, wakati huo likiwa limelala uani na kuku wanatagia ndani yake. Alilifufua polepole. Viti alivishona mwenyewe, akavifumua, akavishona tena mpaka mshono ukakaa anavyotaka. Tangu hapo gari halikulala nje.

Lakini binadamu naye huchakaa. Goti la kushoto la babu lilianza kugoma kukanyaga klachi. Wakifika kwenye taa za barabarani, gari linazimika, walio nyuma wanapiga honi, na babu, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa halifanyi kazi na la kushoto linafanya likipenda, anadhani wanamsalimia. Anawapungia mkono. Wao wanazidisha honi, naye anazidi kupunga. Kisha mwenye banda akaja kusema kuwa analitaka banda lake mwisho wa mwezi. Babu alikaa siku nzima bila mzaha hata mmoja. Jioni akamwambia mama yake Kidomo, ambaye ni binti yake, kwamba gari litauzwa.

Kupanga bei kulichukua karibu wiki nzima. Babu alilizunguka gari huku Kidomo akimmulikia tochi, na kila walipochuchumaa alimfundisha kitu. Gari la kawaida, alisema, bei yake hushuka kila mwaka. La zamani likitunzwa, bei hufika mahali ikageuka, ikaanza kupanda. Rangi ya kiwandani iliyofifia kidogo humvutia mjuzi kuliko rangi mpya inayong'aa, maana rangi mpya humfanya ajiulize inaficha nini. Matairi yalionekana mazuri, lakini mpira wake ulikuwa wa siku nyingi, akayapunguza kwenye hesabu. Injini ikiwa baridi, giya ya pili ilikwaruza, akaipunguza nayo. Mwisho akataja bei.

"Mwenye kujua magari akiisikia hii hatacheka," alisema. "Wala hatakimbilia kunilipa kabla sijabadili mawazo. Hapo ndipo bei inapotakiwa kukaa."

Mama alipiga picha, akaitia mtandaoni pamoja na namba ya simu, akaandika kuwa bei wamuulize mwenyewe. Tatizo likawa simu. Babu na simu hawakuelewana kabisa. Aliyeuliza habari za injini alijibiwa habari za goti. Basi ikaamuliwa kwamba Kidomo akitoka shule ndiye atakayepokea. Kazi ilikuwa nyepesi: kutaja bei ya babu na kuwaelekeza watu bandani.

Kitu kimoja hakuna aliyemuuliza Kidomo, nacho ni kama yeye anataka gari liuzwe. Hakutaka. Baada ya kulisugua, yeye na babu walikuwa na kawaida ya kuketi ndani yake humo humo bandani, babu kwenye usukani, Kidomo kwenye kiti cha abiria, ambacho kilikuwa upande wa lile sikio zima. Nyumbani ilibidi apige kelele ili babu amsikie. Garini aliongea kama watu wote wanavyoongea, akamweleza babu kila kitu, hata yale ambayo mama hakuambiwa. Gari likiondoka, angeongea naye wapi?

Mtu wa kwanza alipopiga, Kidomo alikuwa amekusudia kabisa kusema ukweli. Mdomo ulipofunguka, ikatoka bei ya babu iliyozidishwa mara mbili.

"Mwanangu," mtu yule akasema kwa upole, "naulizia gari au nyumba?"

Akakata simu. Kidomo akashusha pumzi kama aliyeponea chupuchupu kugongwa. Babu alipouliza, alimpigia kelele sikioni kwamba mtu ameona bei ni kubwa. Na huo ndio uliokuwa ubaya wa jambo lenyewe: kila alichomwambia babu kilikuwa kweli.

Siku zilizofuata wakapiga wengine. Mmoja alikuwa mama mwenye sauti tulivu, akajitambulisha kuwa ni daktari wa meno. Huyu alijua kuuliza. Aliuliza kama rangi ni ya kiwandani, kama paa linavuja, viti vilishonwa na nani. Kidomo alijisahau, akamwaga sifa zote, akaeleza mpaka habari za matambara mawili. Daktari akacheka. Halafu akauliza bei. Kidomo aliona gari linamtoka mkononi, akataja bei iliyozidishwa mara tatu.

"Aa," daktari alisema. "Basi mpe mzee hongera kwa kulitunza."

Hongera hizo hazikufika. Zingefikaje bila maelezo?

Siri ikiwa nzito mtu huitafutia wa kumsaidia kuibeba, na Kidomo alimpelekea mwenzake wa dawati moja, msichana mrefu mwembamba waliyemwita Kijiti. Alitarajia kusifiwa kwa ujanja. Kijiti alisikiliza huku anatafuna ncha ya kalamu.

"Ukiendelea hivyo," akasema, "gari litakaa hapo mpaka likuoe. Haya, mwisho wa mwezi banda likichukuliwa, litalala wapi? Chini ya kitanda chako?"



Nyumbani, babu alianza kubadilika. Kila jioni aliuliza nani amepiga, na kila jioni aliambiwa bei ni kubwa. Kwanza alikasirika, akasema watu hawajui magari siku hizi. Kisha akaanza kujishuku mwenyewe. Alimwambia mama kwamba huenda miaka yote hiyo alikuwa akilipenda gari kupita thamani yake, kama mzazi ambaye ni yeye peke yake anayeona mwanawe anaimba vizuri. Akashusha bei. Kidomo naye akaendelea kutaja yake. Jumamosi iliyofuata alikuta ndoo imekauka mahali pake. Babu alikuwa amekaa mlangoni, akasema hana haja ya kung'arisha kitu ambacho hakuna anayekitaka.

Mwezi ulipokaribia kwisha, babu alimwita mtu wa vipuri. Huyu alikuwa bwana mnene, mcheshi, mwenye duka la vyuma vya magari yaliyokufa. Aliamkia kwa adabu, akalizunguka gari mara moja tu, akagonga boneti kwa vidole kama anayechagua tikiti maji. Bei aliyotaja ilimfanya babu aangalie chini.

"Mzee wangu, nisikudanganye," mtu wa vipuri alisema. "Mimi silinunui gari. Nanunua injini, milango, taa na vile viti. Nikishalifungua, bodi linakwenda kwenye chuma chakavu. Ukikubali, Jumatatu nakuja na gari la kuvuta."

Alisema bila ubaya wowote. Ndiyo kazi yake. Babu aliuliza kama viti angeviuza pamoja au kimoja kimoja. Mtu wa vipuri akasema kimoja kimoja hulipa zaidi. Babu akatikisa kichwa, kisha akakubali.

Kidomo alisimama pale na tambara mkononi. Alikuwa amefukuza kila mtu ambaye angeliendesha gari lile, na sasa amebaki anayekuja kulikata vipande. Mtu wa vipuri alipoondoka, babu aliingia garini, akaketi kwenye usukani. Kidomo akazunguka, akaketi upande wake.

"Babu, watu hawakukataa bei yako."

"Walikataa ya nani?"

"Yangu."

Akajikaza, akaeleza yote tangu yule aliyeulizia nyumba. Hakutafuta pa kujificha. Alisema alitaka gari libaki, na kwamba alidhani watu wakikataa, basi litabaki. Babu alitazama kioo cha mbele muda mrefu, ingawa mbele kulikuwa na ukuta tu.

"Daktari ulimtajia ngapi?"

Kidomo akasema. Nyusi za babu zikapanda.

"Hata mimi nisingelinunua," alisema, na Kidomo, kwa kuwa alimjua, akadhani kicheko kinafuata. Hakikufuata. "Kwa siku zote hizi nimejiona mzee mpumbavu. Nilikuwa nalala nikihesabu makosa yangu. Ulikuwa unanitazama, Kidomo, na jibu unalo wewe."

Hakuinua sauti. Kidomo aliona afadhali angeiinua. Alilia, babu akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwambia alete simu.

Wa kwanza kupigiwa alikuwa mtu wa vipuri. Hakuwa ametoa malipo yoyote, lakini neno lilikuwa limetolewa, na babu alitaka aombwe radhi kabla ya mwingine yeyote. Kidomo aliongea, babu akamwelekeza. Mtu wa vipuri alinung'unika kwamba ameshamkodi mwenye gari la kuvuta, halafu akasema shauri la mzee ni shauri la mzee, ila likishindikana wasimsahau. Baada yake Kidomo akawapigia wote waliowahi kupiga. Kwa kila mmoja alisema hivyo hivyo: bei ile aliitunga yeye, babu hakujua, na bei ya kweli ni hii. Mmoja alikuwa ameshanunua gari jingine. Mmoja alimkatia katikati ya sentensi. Yule wa nyumba alimwambia aache kuchezea simu ya wazee. Masikio yalimwaka, lakini babu alimwonyesha kidole namba inayofuata.

Daktari wa meno alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hii ya leo ni ya babu au ni yako?"

"Ya babu. Yuko hapa pembeni yangu."

"Nitakuja kesho. Nikifika nitamuuliza mwenyewe, na majibu yenu yalingane."

Alikuja mchana, amevaa viatu vya kazini, na mfukoni alikuwa na kile kioo kidogo chenye mpini anachotazamia meno ya watu. Alilala chali sakafuni bila kujali nguo, akakipitisha kioo chini ya milango kutafuta kutu. Babu alimfuata hatua kwa hatua, akimwonyesha kasoro kabla hajaziona: matairi, giya ya pili, tone la mafuta lililoanguka kila asubuhi. Walizunguka barabarani, daktari akiendesha, wakarudi wote wawili wanacheka. Kisha daktari akaomba apunguziwe.

"Giya nimeshaitoa, matairi nimeshayatoa," babu alisema. "Nionyeshe nilichosahau."

Daktari akampeleka nyuma, akaingiza kioo chini ya buti. Palikuwa na kutu, upana wa ukucha wa kidole gumba. Babu alichuchumaa kwa shida, akakitazama kioo, akaguna. Alipunguza, si nyingi, kiasi cha kuitengeneza kutu ile. Walipeana mikono pale pale. Kwa bei waliyokubaliana hakuna aliyecheka wala aliyenuna.

Gari lilipokunja kona likapotea, Kidomo na babu walibaki mlangoni mwa banda tupu. Lilionekana kubwa ghafla, na sakafuni kulikuwa na alama nne za magurudumu.

"Sikiliza," babu alisema. "Wale watu walipopiga, walidhani wanaongea na mimi. Ulipotaja bei ile, mimi ndiye niliyeonekana tapeli kwao. Na mimi nilipokuuliza, ukanipa kipande cha ukweli kilichokufaa, kingine ukakikalia. Huo ni uongo, hata kama hukuongeza neno. Mtu akikutuma kusema neno lake, lifikishe kama lilivyo. Na kama jambo linakuuma, liseme kwa mwenyewe, usilipitishe mlango wa nyuma. Ungeniambia tangu mwanzo kwamba hutaki liondoke, tungekaa tukalia wote wawili, halafu tungeliuza."

Kidomo alisema amesikia. Akachukua ufagio na kuanza kufagia, maana mwenye banda angekuja kesho. Alipofika katikati alisimama, akamsogelea babu upande wa kushoto.

"Sasa utalia?"

"Nimeshalia asubuhi," babu alisema, "ulipokuwa unaoga. Fagia na pale kwenye kona."